Kusafirisha Mia Mbili, Popote Kenya

Lau ningelimwona Kanini kabla sijavua viatu, ningeligeuka pale pale mlangoni nikarudi zangu barabarani. Lakini viatu nilikuwa nishavivua, wanawake watatu wa mwanzo nishawapa mkono wa pole, na mtu hatoki kwenye matanga ya watu kwa sababu amemwona adui yake ameketi karibu na dirisha. Ilikuwa hitima ya Bi Mwanatumu, huko Mwabungo, siku ya tatu tangu azikwe. Kanini alikuwa amejifunga leso juu ya suruali na kichwa amekifunika vizuri kuliko baadhi ya mabinti zetu, na aliponiona hakukunja uso wala hakutabasamu. Alinitazama tu, kama alivyonitazama mara ya mwisho miaka kumi na miwili iliyopita, halafu akarudi kumsikiliza bibi aliyekaa ubavuni pake. Nilimchukia siku ile na bado namchukia ninapoandika haya, wala asije mtu akaniambia nimsamehe. Nimsamehe nini? Hajanikosea kitu, na hilo ndilo linalonichoma.

Mwaka ninaousimulia ni mmoja tu, ule tuliokuwa na chumba Ukunda, mimi na yeye. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na mdomo mrefu. Chumba kilikuwa nyuma ya kibanda cha fundi wa simu, ukuta wa mbao kati yetu, na fundi yule alikuwa na mke anayempigia kila saa, basi mambo ya nyumba yao tukayajua kuliko majirani zao: nani hakuacha pesa ya mboga, nani alionekana Diani akiwa na nani. "Nimekwambia sikuwa mimi!" tulikuwa tukimsikia, kisha kimya, kisha, "Haya, nilikuwa mimi, lakini si hivyo unavyofikiri." Kanini alikuwa akicheka amejiziba mdomo kwa ukosi wa shati. Miezi ya mwanzo tulicheka sana mle ndani, sina budi kulikubali hilo, ingawa nalikubali shingo upande. Asubuhi tulikula mahamri kwa mbaazi za nazi juu ya kifuniko cha katoni, na mchana yeye akifungua muthokoi wake aliotoka nao kwao kwenye skimu, kule watu wa bara walikogawiwa mashamba, mahindi ya kukobolewa yasiyoonja tui tangu kuumbwa, nami nikimwambia hicho ni chakula cha kuku. "Kuku wenu wangekula hii wangekuwa na nguvu ya kutaga," alinijibu. Pembeni ilisimama mikeka, imeviringishwa, na chumba kizima kilinuka ukindu mkavu na rangi. Harufu ile ilinishika kwenye nguo, nikarudi nayo nyumbani kila jioni.

Mikeka ilikuwa ya Bi Mwanatumu. Tangu Galu hadi Msambweni, ukisema huu ni mkeka wa Mwanatumu, mtu hakuulizi kwanza bei, anauliza utampa lini. Yeye alisuka ukindu ukawa ukili mwembamba, akaushona mmoja kwa mwenziwe hata mshono usiuone ila kwa kidole, na rangi zake, ile nyekundu na ile zambarau, hazikuhama kwa maji wala kwa jua. Kusema kweli alikuwa mwanamke mkali, hakumchekea mtu hovyo, na ukimsifu alikuwa akikukata kauli: "Sifa haziliwi, mwanangu. Sema ulichokijia." Lakini nilimwona zaidi ya mara moja, akidhani nimetoka uani, akipitisha kiganja chake juu ya mkeka uliokwisha, polepole, kama anampapasa mtoto aliyelala. Kazi yake ndiyo iliyokuwa jina lake. Hakuwa na kingine cha kujivunia na hakukitafuta.

Wazo la kuiuza mtandaoni lilikuwa la Kanini. Yeye alipiga picha, akafungua ukurasa, akawajibu wateja kwa kile Kiswahili chake cha nusu Kiingereza ambacho watu wa Nairobi walikipenda. Kazi yangu mimi ilikuwa kuifuata mikeka Mwabungo, kumlipa Bi Mwanatumu, kufunga mizigo, kuipeleka kwa basi, na kuweka bei ya kusafirisha. Hiyo ya mwisho naiandika hapa kwa herufi zile zile kama zingine, ijapokuwa mkono unanisita. Siku tuliyokuwa tunaandika tangazo la kwanza, Kanini aliniuliza, kalamu iko kinywani, "Meju, hiyo pesa ya parcel umeenda ukauliza kwa kaunta ya basi?"

"Niulize nini?" nikamwambia. Nikaunyanyua mkeka mkubwa, ule wa kitanda cha watu wawili, nikautupa kichwani bila ngata, bila kuushika, nikazunguka nao chumba kizima mikono kiunoni. "Mzigo huu? Huu si mzigo. Huu hata mtoto wa chuo cha Kurani anaubeba akaenda nao Msambweni na kurudi." Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Mzigo unaujua kwa shingo. Ndoo ya maji ni mzigo, kuni ni mzigo, nazi arubaini ndani ya gunia ni mzigo unaokutoa machozi. Mkeka unaubeba huku unapiga soga. Sikumwona mwanamke hata mmoja maishani mwangu akilalamika kubeba mkeka, basi ningejuaje kwamba kuna mtu duniani anayelipisha kitu chepesi bei ya kizito? Tena kulikuwa na haya ndani yake. Kwetu mtu akinunua kitu chako, ukamsumbua kwa nauli ya kukifikisha, unaonekana mchoyo. Nikachukua kalamu kinywani mwa Kanini, nikaandika mwenyewe: Kusafirisha mia mbili, popote Kenya. "Umeuliza lakini?" akarudia. "Nimeuliza," nikasema. Sikuwa nimeuliza.

Shetani naye ana subira. Miezi ya mwanzo watu waliagiza vikapu, na kikapu unakilaza bapa ndani ya mfuko, basi linakichukua kwa mia mbili na hamsini, ile hamsini tunaimeza wenyewe. Nikawa namtambia Kanini, "Unaona? Wewe na maswali yako." Kisha mteja mmoja wa Nakuru akaagiza mkeka, akaianika picha yake mtandaoni, na ndani ya wiki moja tukawa na watu kumi na mmoja waliokwisha kulipa, mkeka pamoja na mia mbili ya safari. Nilikwenda kwenye kaunta ya basi na mitatu ya mwanzo, nimeibeba kichwani yote pamoja, natembea kwa madaha. Yule kijana wa kaunta hakuinua hata macho kutazama mzani. Alitoa utepe wa kupimia kama fundi cherehani, akaupima mkeka urefu wake, akasema, "Mia saba."

"Yote mitatu?"

"Kila mmoja, dada."

"Mia saba kwa nini? Hebu uinue! Huu una kilo ngapi?"

"Hatupimi kilo hapa. Tunapima nafasi. Mkeka wako ukilala kule chini, masanduku manne yanakosa pa kukaa. Ukunje mara nne basi, nitakufanyia mia tatu."

"Mkeka wa ukindu haukunjwi, ukili unavunjika!"

"Basi lipia nafasi." Kisha akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kutosha nimsikie, "Hawa watu wa mikeka kila siku ni vita." Nyuma yangu foleni ilikuwa ikiguna, mama mmoja akasema kama huna pesa si usogee, nami nikamgeukia nikamwambia maneno ambayo sitayaweka kwenye karatasi. Nililipa. Nilirudi chumbani kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niitue kwa nani, ila nilijua pa kutokuitua, yaani kwangu mwenyewe.

Kanini alinisikiliza hadi mwisho, akaweka simu chini. "Si ulisema uliuliza?" Nikaanza kuviringisha mkeka uliokwisha kuviringishwa. "Sawa. Imetokea. Tuandikie wateja. Tuwaambie tulikosea kuweka bei ya kutuma, anayetaka kuongeza aongeze, asiyetaka tumrudishie pesa yake. Kitu ya siku moja."

"Tuwaambie sisi ni wajinga?"

"Tuwaambie tulikosea."

"Wewe ni rahisi kwako," nikasema. "Mimi ndimi mtu wa hapa. Neno nikishalitoa nimelitoa. Hatutamdai mgeni nauli baada ya kumwambia karibu." Maneno mazuri hayo, ya heshima, ya kipwani kabisa, na kila neno lilikuwa kifuniko cha aibu yangu. Upande wa pili wa ubao fundi wa simu alikuwa amenyamaza, safari hii yeye ndiye aliyekuwa akitusikiliza sisi. Nikamwambia Kanini aniachie, mimi nitajua la kufanya, na siku ile ile nikashuka Mwabungo.

Nimejaribu miaka mingi kujiambia kwamba sikujua nitasema nini mpaka nilipofika uani kwa Bi Mwanatumu. Urongo. Njia nzima nilikuwa nikilipanga. Kila mkeka ulikuwa unatupunguzia mia tano, na mia tano hiyo lazima itoke kwa mtu. Wateja sikuwataka waniseme, Kanini sikutaka anishinde, akabaki mtu mmoja. Nilimkuta ameketi barazani, mguu mmoja amenyoosha, ukili umebanwa kwenye kidole gumba cha mguu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea chai ya tangawizi na vipande vya muhogo wa kuchemsha. Nikanywa chai yake. Kisha nikamwambia wateja wa Nairobi wanalalamika, mikeka ina kasoro.

"Kasoro?" akasema.

"Mishono, wanasema. Imelegea."

Hakubisha. Ningelifurahi kama angelinitukana. Aliinuka akaingia ndani, akatoka na mkeka aliokuwa akiumaliza, akautandika chini kwenye mwanga. "Nionyeshe," akasema. Akapiga magoti, akaanza kuupapasa mshono kwa mshono, macho ameyafumba, midomo inacheza. "Wapi, mwanangu? Mimi siioni. Labda vidole vimezeeka. Hebu nishike mkono uniweke hapo penye kasoro." Na mimi, Mejumaa, nikaushika mkono wa mwanamke yule, nikauweka mahali popote, pale palipokuwa karibu. "Hapa," nikamwambia. Akatulia na kidole chake pale kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ee. Nimepasikia." Wallahi hakukuwa na kitu pale. Akachukua sindano yake, akaanza kuufumua mshono huo mbele yangu, huku akisema bila kunitazama, "Kitu chenye kasoro hakiuzwi bei ya kizima. Nipe mia sita badala ya elfu moja na mia moja. Na ile iliyokwisha kwenda, ukipenda nitarudisha pesa yake." Nikamwambia hapana, hiyo ya nyuma haina neno. Nikajiona nina huruma.

Ikaenda hivyo miezi mitatu. Mia tano niliyompunguzia iliziba pengo la basi, daftari likakaa sawa, na Kanini nikamwambia nimezungumza na watu wa kaunta wakanielewa. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, nayo kwa Kanini ilikuwa fupi kweli. Siku moja nimeingia chumbani na mahamri, nikamkuta amekaa juu ya katoni, simu mkononi. Akanisomea ujumbe wa yule mteja wa Nakuru: mama yake mzazi, mzee wa miaka themanini, aliupapasa mkeka ule akasema tangu utotoni hajashika kazi kama hiyo, na je, msusi wake angali hai, apelekewe salamu. Kanini akamaliza kusoma. Akasema, "Jana nilipitia kwa Bi Mwanatumu kupiga picha. Ameniomba msamaha, Meju. Mimi. Ameniomba msamaha kwa mikeka mibovu. Nikamuuliza nani alimwambia ni mibovu."

Nikajua nimekwisha. Na mtu aliyekwisha huwa hachagui silaha. Nikamwambia yeye ni mtu wa bara, hajui watu wa huku wanavyosemezana, hajui mzee anaambiwaje jambo, aache kuingia nyumba za watu na kamera yake. Nikamwambia alitaka kututenganisha ili amchukue Bi Mwanatumu awe wake. Yeye hakupaza sauti. "Nenda umwambie ukweli leo," akasema. "Usipoenda, kesho asubuhi naenda mimi." Nikayaacha mahamri juu ya katoni, nikatoka, na nikaenda. Naam, nilikwenda. Nilifika Mwabungo jua halijashuka, nikamkuta Bi Mwanatumu anachambua ukindu, nikamwambia hivi: "Bibi, kesho Kanini atakuja. Atakusifu. Atakwambia mikeka yako haina kasoro, mimi ndimi niliyekudanganya. Sifa hizo ni chambo tu, uendelee kumsukia kwa mia sita. Usimsikilize." Akaniuliza, "Kwa hiyo ni mibovu kweli?" Nikasema, "Mimi sikufichi kitu, bibi." Akaniombea dua, kwamba Mungu awazidishe watu wasemao kweli kama mimi.

Kanini alikwenda kweli asubuhi ile, nikasikia baadaye, akasema yote, ya kaunta, ya mia mbili, ya mia saba, na akamsomea ujumbe wa Nakuru kutoka kwenye simu. Bi Mwanatumu alimkaribisha chai, akamsikiliza kwa adabu, akamwambia, "Sifa haziliwi, mwanangu," na akamsindikiza hadi njiani. Chumba tulikifunga wiki ile. Kanini alichukua meza, mimi nikachukua ile mizani tuliyonunua ya kupimia mizigo, mizani isiyopima kitu chochote chenye faida, na hatukusemezana tena. Bi Mwanatumu sikumtembelea ila sikukuu, na kila nilipokwenda nilikaa muda mfupi. Hakuna kilichonizuia kusema. Watu hupenda kutaja woga, mimi sitataja woga. Nilikuwa nimezoea kuonekana mkweli na nilipenda kuonekana hivyo.

Basi ndipo tukafika kwenye hitima. Dua ilikwisha, tukatandikiwa, tukaletewa sinia za wali wa nazi na mchuzi wa samaki, wanawake wanne wanne. Kumbe walioketisha watu hawakujua ya nyuma, wakaniweka sinia moja na Kanini. Tulikula bila kutazamana, kila mtu na upande wake wa sinia, mabibi wawili kati yetu wakizungumza habari za hospitali ya Msambweni alikolala marehemu siku zake za mwisho. Mara Zuhura, binti wa Bi Mwanatumu, akaja akachuchumaa kando yangu, macho yamevimba, akanishika bega.

"Dada Mejumaa, nilikuwa nakutafuta," akasema. "Mama amekutaja hadi siku ya mwisho. Alisema watu wote walimsifu usoni, wewe peke yako ulimwambia kweli juu ya mikono yake. Alipoacha kuuza tulidhani amechoka. Hakuchoka. Alikuwa akisuka na kufumua, anasuka na kufumua, ati anaitafuta ile kasoro uliyomwonyesha." Akajifuta pua kwa leso. "Kulikuwa na mkeka wake mmoja mkubwa darini, mzuri, sisi tunauona mzuri. Nikamwambia mama, Mungu akikuchukua tutakutandikia huo kwenye jeneza. Akakataa katakata. Akasema una kasoro, asiende kuaibika mbele ya watu akiwa maiti, tununue wa dukani. Tumemtoa hapa juu ya mkeka wa plastiki, dada."

Wale mabibi wawili wakasema Mungu amrehemu. Kanini alikuwa ameacha kula. Nikamwambia Zuhura, "Mkeka ule haukuwa na kasoro."

Akatabasamu, akanipigapiga bega. "Usianze na wewe, dada. Hana haja ya sifa tena."

Nikamtazama Kanini kwa chuki yote niliyokuwa nayo, kwa sababu alijua vile neno la kweli linavyorudishwa mlangoni, yeye alishayaonja hayo. Angeweza kusema. Hakusema. Hapo nikasema mimi, na sikusema kwa upole, nilisema kama mtu anayegombana, hadi sinia za jirani zikanyamaza. Nilisema niliweka bei ya kusafirisha bila kuuliza. Nilisema basi lilinidai mia saba nami nilikuwa nimewaambia watu mia mbili, na pengo lile nikaliziba kwa jasho la mamake. Nilisema niliushika mkono wake nikauweka mahali pasipo na kitu. Nilisema Kanini alikuja kumwambia kweli, nami nilikuwa nishatangulia kuitia sumu kweli hiyo. Mkono wake uliokuwa begani kwangu Zuhura aliuondoa, si kwa haraka, akauweka juu ya goti lake, akautazama.

Kisha akainuka. Akaenda hadi mlangoni, akachukua birika la maji na beseni, akarudi, akaviweka mbele yangu. Mkono wangu ulikuwa bado na wali, na sinia haijafika hata nusu.

"Nawa," akaniambia.